Usimtupe, hajafa: konokono wa nyasi anangoja mvua

Iwapo umewahi kupita Homa Bay au Migori mwezi wa Januari, unajua kwamba jua la huko halina mzaha. Nyasi hugeuka rangi ya majani ya chai yaliyokwisha chujwa, udongo mweusi hupasuka nyufa za kuingia kidole, na ng'ombe hutembezwa masafa marefu wakitafuta maji, ilhali ziwa kubwa kuliko yote barani Afrika linametameta pale pale chini ya vilima.

Ilikuwa siku kama hiyo, shule zikiwa karibu kufunguliwa, binti yangu wa gredi ya nne aliponijia akiwa amekunja ngumi. Tulikuwa Ndhiwa kwa nyanya yake. Alipokunjua vidole nikaona gamba la konokono kiganjani: refu kiasi cha kidole, limechongoka kama pia ya watoto, rangi ya maziwa yaliyochanganywa na chai, na michirizi ya kahawia kutoka juu hadi chini. Mdomo wake ulikuwa umezibwa na kitu mfano wa karatasi kavu.

"Mama, huyu amekufa?"

Nikamjibu bila hata kutazama mara mbili kwamba amekufa, amtupe akanawe mikono. Nyanya yake, aliyekuwa kivulini akichambua mboga, akainua kichwa.

"Hajafa huyo, mjukuu wangu. Amefunga mlango, anangoja mvua."

Mama mkwe habishiwi, nami nikanyamaza. Lakini moyoni nilijua kwamba gamba kavu lililookotwa katika nyasi kavu, lililo jepesi kama kibiriti kitupu, haliwezi kuwa na uhai ndani yake.

Siku tatu baadaye, tukiwa nyumbani Nairobi, nikagundua kwamba konokono yule alikuwa amesafiri nasi ndani ya sanduku la viatu. Binti yangu alikuwa amefuata maagizo ya nyanya yake: aloweshe kitambaa, amlaze juu yake, kisha asimguse hadi asubuhi. Asubuhi kitambaa kilikuwa na njia ya ute inayong'aa, kile kikaratasi cha mdomoni kimeanguka, na mwenye nyumba hayupo. Tulimtafuta chini ya viti na nyuma ya kabati. Tulimpata juu ya pazia la jikoni, pembe nne zimesimama, akitazama mtaa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma habari za viumbe hawa ambao kwa miaka yangu yote nilikuwa nikiwakanyaga. Nisikuchoshe na yote, lakini baadhi ni mambo ambayo wewe na watoto wako mtafurahi kuyajua.

NYUMBA YA CHOKAA

Konokono wa aina hii ni wa kundi ambalo wataalamu huliita Limicolaria, jamaa wa karibu wa yule konokono mkubwa wa pwani. Kundi hili limeenea katika nyika na mbuga za Afrika kusini ya Sahara, na huku kwetu linajulikana sana upande wa Uganda na magharibi mwa Kenya. Wanakula majani, hasa yale yanayooza, na kwa hivyo wao ni miongoni mwa wafagiaji wa mbuga.

Gamba lake limejengwa kwa chokaa. Hazaliwi nalo likiwa kubwa, wala halivui kama nyoka avuavyo ngozi. Hutoka kwenye yai akiwa na kigamba kidogo mno, kisha hukiongeza ukingoni kidogo kidogo, mzunguko juu ya mzunguko, hadi anapokuwa mzima. Ile ncha ya juu kabisa ndiyo nyumba yake ya utotoni, nayo huenda nayo maisha yote. Kwa sababu hii konokono hustawi zaidi palipo na chokaa nyingi ardhini. Akikosa kwenye udongo, hukwangua mawe, mifupa, hata maganda ya mayai.

Hana mapua. Huvuta pumzi kwa pafu moja kupitia tundu dogo la ubavuni ambalo hufunguka na kufumba. Macho yake yako kwenye ncha za pembe mbili ndefu, na ukimgusa huzirudisha ndani kama soksi inayogeuzwa. Ulimi wake una vimeno vidogo maelfu, hivyo yeye hatafuni bali hukwangua kama mtu anayekuna nazi. Kila konokono wa kundi hili ni dume na jike kwa pamoja. Mayai huyataga udongoni baada ya mvua, kisha huyaacha yajitegemee.

Ukitaka kumwonyesha mtoto jambo la ajabu, mweke konokono juu ya kioo kisha mtazame kwa chini. Utaona mawimbi ya giza yakipita kwenye unyayo wake, moja likifuata jingine, kutoka nyuma kwenda mbele. Ndiyo miguu yake hiyo.

MIAKA MINNE KWENYE KADI

Sasa tuje kwenye ule mlango. Mwili wa konokono karibu wote ni maji, nao hauna ngozi ngumu ya kuyazuia. Kiangazi kwake ni adui kuliko ndege. Nyasi zinapokauka, hujifukia udongoni au hubana chini ya jiwe au kwenye shina la nyasi, akajivuta ndani kabisa ya gamba, kisha akatandaza ute mdomoni. Ute ule hukauka ukawa utando. Mapigo ya moyo hupungua, pumzi hupungua, na chakula hakihitajiki tena. Humo hukaa miezi, akiishi kwa akiba aliyojiwekea wakati wa mvua.

Watu waliomdhania amekufa si mimi peke yangu. Kipo kisa mashuhuri cha konokono wa jangwani kutoka Misri aliyepelekwa kwenye Jumba la Makumbusho la Uingereza mjini London. Tarehe 25 Machi 1846 maofisa walimgandisha kwa gundi kwenye kadi kama gamba tupu, wakaandika jina lake, wakamweka kabatini. Machi 1850 mtu mmoja aliona utando mpya mdomoni mwa gamba lile. Wakamtia katika maji ya vuguvugu. Akatoka, akala kabichi. Miaka minne alikuwa amebandikwa kwenye kadi! Aliishi hadi 1852.

Nilipomsomea mama mkwe habari hii kwa simu hakushangaa. Aliniuliza tu kwa nini Waingereza walihitaji miaka minne kumpa maji.

RANGI ZA KUMDANGANYA NDEGE

Michirizi ile ya kahawia nayo ina hadithi yake. Mwaka wa 1963 mtaalamu wa wanyama aliyekuwa Makerere, Denis Owen, aliandika katika jarida la Science kuhusu aina moja ya konokono hawa, Limicolaria martensiana. Alikuwa amegundua jambo hili: mahali ambapo konokono ni wachache, wengi wao huwa na michirizi. Lakini mahali walipojazana, huonekana pia wengi wa rangi nyingine, zilizopauka, wasio na michirizi dhahiri.

Kwa nini? Michirizi humficha konokono kati ya nyasi na vivuli vyake. Lakini ndege si mjinga. Akiwaona wenye michirizi kila siku, jicho lake huzoea umbo lile na huwatambua upesi. Hapo yule wa rangi ya pekee hupata nafuu, kwa kuwa ndege hamtafuti. Ni kama mlinzi wa getini anayewasaka wenye koti jekundu, akampita mwizi aliyevaa samawati.

Owen hakuishia hapo. Mwaka wa 1966 alichapisha habari za magamba ya kale kutoka kisiwa cha Kabazimu katika Ziwa Edward, Uganda, yenye umri wa miaka isiyopungua 8,000. Rangi bado zilionekana. Na hata wakati huo konokono walikuwa na mavazi zaidi ya moja.

MASHAHIDI WA RUSINGA NA KARUNGU

Miaka 8,000 ni mingi, lakini nyumbani kwao Homa Bay hiyo ni kama jana.

Ukivuka kutoka Mbita unaingia Rusinga. Wengi wetu tunakijua kisiwa hicho kwa sababu ya marehemu Tom Mboya, aliyezikwa huko. Lakini wanasayansi duniani wanakijua kwa sababu nyingine. Oktoba 1948, Mary Leakey aliona jino limechomoza kwenye mteremko wa Rusinga. Walipofukua wakapata fuvu la kiumbe mfano wa sokwe aliyeishi takriban miaka milioni 18 iliyopita. Walimwita Proconsul. Tangu 2015 amepewa jina jipya, Ekembo, na jina lake la pili, heseloni, ni la kumuenzi Heselon Mukiri, Mkenya aliyefanya kazi ya kufukua pamoja na akina Leakey kwa miaka mingi. Laiti vitabu vya shule vingemtaja zaidi.

Lisilosemwa sana ni kwamba pamoja na mifupa hiyo yalipatikana magamba ya konokono wa nchi kavu, yamegeuka mawe lakini umbo halijapotea, hata mistari ya ukuaji inahesabika. Volkano ya kale ya Kisingiri, ambayo masalio yake ndiyo vilima vya Gwasi, ilikuwa ikimwaga majivu yenye chokaa nyingi. Majivu hayo ndiyo yaliyohifadhi mifupa, matunda, wadudu na konokono hawa wote.

Upande wa Migori, kazi ilianza mapema zaidi. Mwaka wa 1911 Felix Oswald alitumwa Karungu kutafuta visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya kale, baada ya kupatikana huko mabaki ya mnyama mfano wa tembo ambaye meno yake yaliinama kuelekea chini. Wakati huo ufuo ule ulikuwa umeachwa karibu mahame kwa sababu ya malale. Oswald alirudi Uingereza na masanduku ya mifupa, na magamba ya konokono ndani yake, na habari zao zikachapishwa 1914.

Pengine unauliza, msomaji, konokono wa mawe ana faida gani wakati sokwe mzima amepatikana? Jibu lake ni rahisi. Sokwe hutembea. Tembo huhama. Mamba husombwa na mto akafia mbali. Konokono haendi kokote. Alipozaliwa ndipo atakapofia, na kila aina ina mahali pake: huyu hawezi kuishi nje ya msitu wenye unyevu, yule huvumilia nyasi kavu. Kwa hiyo gamba lake ni shahidi wa mahali pale pale lilipookotwa.

Aliyekusanya ushahidi huo vizuri ni Bernard Verdcourt, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi Nairobi na ambaye konokono walikuwa mapenzi yake ya pili. Mwaka wa 1963 alitoa maelezo ya konokono wa kale wa Rusinga na sehemu nyingine za Kenya, akiwalinganisha na walio hai leo. Wapo waliofanana na wale wanaoishi sasa katika misitu. Wengine hulingana na wa sehemu kavu zaidi. Wachunguzi waliomfuata, kama Martin Pickford, waliendelea kuwatumia konokono kujua wapi palikuwa na msitu na wapi palikuwa wazi. Mwaka wa 2014 visiki vya miti ya kale vilivyopatikana Rusinga vilionyesha kwamba palikuwa na msitu mzito mahali pale. Na mwaka wa 2023 wataalamu walitangaza kwamba nyasi za aina ya mbuga zetu za leo zilikuwa tayari zimeanza kuenea katika sehemu za Afrika Mashariki zaidi ya miaka milioni 21 iliyopita.

Basi konokono aliyekuwa juu ya pazia langu anatoka katika nchi ambayo imekuwa msitu, ikawa nyika, na wa ukoo wake wameshuhudia mabadiliko mengi. Nilimtazama kwa heshima zaidi, ingawa alikuwa ameanza kuila kalenda.

SIYE WA KICHOCHO

Jirani yangu alipomwona alirudi nyuma hatua tatu. "Huyo si ndiye wa kichocho?"

Hapa nakuomba usome polepole, hasa kama una watoto wanaokwenda likizo kando ya ziwa. Konokono wa nyasi HALETI kichocho. Konokono wanaobeba vijidudu vya kichocho huishi ndani ya maji baridi: kuna wale bapa, waliojiviringa kama kamba iliyokunjwa, wanaohusika na kichocho cha tumbo, na wale wadogo wenye ncha wanaohusika na kile cha mkojo. Hupatikana kwenye magugu ya ufuoni, katika vidimbwi na mifereji. Minyoo hutoka kwa konokono, huogelea majini, na hupenya ngozi ya mtu anayeoga, anayevua, au anayefua.

Sehemu za Mbita, Rusinga na Mfangano ni kati ya zile zilizoathirika sana nchini, na kichocho cha tumbo kikiachwa miaka huharibu ini. Dawa ipo, inaitwa praziquantel, na wanafunzi wa sehemu hizo wamekuwa wakipewa shuleni. Mtoto wako akiogelea ziwani likizo hii, mpeleke apimwe. Usingoje aanze kukonda.

Nimewaona wazazi wakiwakataza watoto kugusa konokono wa shambani, kisha jioni wakawaruhusu kujitosa ziwani. Hofu imewekwa mahali pasipo pake.

Hata hivyo sisemi konokono wa nchi kavu ni wa kubusu. Anaweza kubeba minyoo mingine, ukiwemo ule wa mapafu ya panya ambao katika nchi kadhaa umewadhuru watu ubongo baada ya kula konokono mbichi au mboga zisizooshwa. Osha mikono baada ya kumshika. Osha sukuma wiki. Basi.

WATATU WALIOGEUKA MAELFU

Jirani yule yule ndiye aliyenipa shauri la kumwachilia konokono katika bustani ya maua chini ya ghorofa. "Si ni mnyama tu," alisema, "atajitafutia." Shauri lilinipendeza. Aliyelikataa ni binti yangu, na kumbe alikuwa na haki.

Mwaka wa 1966 mvulana mmoja alirejea Florida, Marekani, kutoka Hawaii akiwa na konokono watatu. Walikuwa wa ile aina kubwa ambayo asili yake ni pwani ya huku kwetu Afrika Mashariki, na ambayo watu waliisafirisha kisiwa hadi kisiwa. Nyanya yake akawaachilia bustanini. Baada ya miaka saba serikali ilikuwa ikiwaokota kwa maelfu, zaidi ya 18,000 kwa jumla. Kuwamaliza kulichukua miaka kumi na dola milioni moja. Nao walirudi tena: 2011 wakaonekana upya Miami, na vita vya kuwaondoa vikachukua miaka kumi mingine.

Hawaii nako walijaribu dawa iliyokuwa mbaya kuliko ugonjwa. Katika miaka ya 1950 walileta konokono wanaokula konokono wenzao, mmoja wao kutoka Kenya, anayeitwa kwa jina la Kibwezi. Mwaka wa 1955 wakaleta mwingine kutoka Florida, naye akawaacha wale wakubwa akawageukia konokono wadogo wa miti wa Hawaii, ambao hawapatikani popote pengine. Aina nyingi zimetoweka.

Sisemi konokono mmoja wa Ndhiwa angeimaliza Nairobi. Lakini kwa kuwa kila mmoja ni dume na jike, na kwa kuwa hatukujua kama tayari alikuwa na mayai, nilikosa ujasiri. Na kwa wale wanaofikiria biashara: ufugaji wa konokono upo nchini, na chuo kikuu kilichoko Juja kimekuwa kikichunguza matumizi ya ute wao, lakini huhitaji kibali cha KWS. Konokono ni mnyama wa porini, hata akiwa mdogo kuliko kidole.

Huko kwao wana shida za kutosha. Kila mwaka kabla ya mvua nyasi huchomwa ili zichipue mbichi. Walio ndani ya udongo huenda wakaokoka, lakini walionata kwenye mashina hawana mbio. Moto ukipita utaona magamba meupe yametapakaa kwenye majivu. Nyasi ambazo bado zimeachwa zipumue ziko sehemu kama Mbuga ya Ruma katika bonde la Lambwe, makao ya pekee ya korongo nchini. Nasema korongo yule swala mkubwa mwenye pembe, si korongo ndege, ingawa yule ndege naye hapuuzi konokono akimwona. Ukifika Ruma, au Thimlich Ohinga kule Migori, kwenye zile kuta za mawe yasiyo na saruji, watazame wanyama na kuta, kisha tazama chini. Ila usichukue chochote.

Sisi tulikuwa tumechukua, kwa hiyo ilibidi turudishe. Konokono alikaa kwetu wiki saba ndani ya chupa ya kioo yenye matundu, akila majani ya kabichi na ganda la yai. Katikati ya Machi wifi yangu alikuwa akisafiri kwenda Ndhiwa. Binti yangu alimfunga tena ndani ya sanduku la viatu na barua kwa nyanya yake. Wifi aliniambia kwamba kondakta alitaka kujua kuna nini ndani, na alipoambiwa akalihamishia sanduku nyuma kabisa ya gari.

Nyanya alipiga simu Jumapili iliyofuata. Alimweka pale pale alipookotwa, karibu na jiwe la kunolea visu, na alipokwenda kutazama jioni hakumkuta. Simu ilikuwa na kelele na hatukusikilizana vizuri, kwa kuwa mabati ya jikoni kwake yalikuwa yakipigwa na mvua.